Mashavu ya Nanyama

Ukitaka kumwona Mzee Wepukhulu akicheka, ilibidi ungoje Jumapili saa nane mchana, saa ambayo binti yake Sylvia alipiga simu ya video kutoka Saudia. Siku zile nyingine sita alikuwa mtu wa kununa. Alikaa kwenye kibanda chake cha mabati hapo mtaa wa Pioneer, Eldoret, tupa mkononi, akinoa misumeno ya maseremala, na ukimsalimia alikujibu bila kuinua macho. Lakini Jumapili alivaa koti, akaketi kitandani, akampakata mjukuu wake Nanyama, akaishika simu mbali kama mtu anayesoma gazeti bila miwani.

“Sylvia, umeona mashavu?” aliuliza hata kabla salamu haijaisha. “Ona mashavu ya mama yako.”

Mama yako, kwa sababu mtoto alipewa jina la nyanya yake, marehemu mke wa mzee. Kwa Wabukusu jina la mtu aliyeondoka halitupwi, hupewa mtoto lirudi nyumbani. Na Wepukhulu, aliyekuwa amekaa miaka minne bila mtu wa kumwita kwa jina hilo, sasa alilitamka mara mia kwa siku. Nanyama kuja hapa. Nanyama wacha hiyo. Ukipita nje ungedhani bibi yake amefufuka.

Sylvia alimwangalia mtoto kwenye simu mpaka macho yakajaa maji. “Amenona, Baba. Asante sana, Baba.” Mzee alishiba kwa asante hiyo wiki nzima.

Sasa wacha nikwambie mtoto alivyofika pale. Sylvia alipopata kazi ya nyumbani huko Saudia, Nanyama alikuwa na miezi kumi na moja na bado ananyonya. Shemeji ya mzee, Brigid, mdogo wa marehemu, alitoka kwake Chepsaita akaja kumchukua. Brigid alikuwa na shamba, ng’ombe wawili, kuku wa kutosha, na watoto watano aliowalea wakakua. “Shemeji, mwanamume peke yake hawezi mtoto wa umri huu,” alisema, na kusema kweli alisema kwa adabu tu. Wepukhulu akapandisha hasira. Akasema huyu ni Nanyama, na Nanyama anakaa kwa nyumba yake. Sylvia alimwangalia baba yake, akaangalia chumba kile chenye kikombe kimoja mezani, akamwonea huruma. Akamwachia mtoto. Kuna huruma nyingine hazifai.

Maana mzee hakujua kupika. Mke wake alipokuwa hai hakuwahi kugusa mwiko, na usiseme ni uvivu, alilelewa hivyo, jikoni si pa mwanamume. Alipofiwa alijifunza vitu viwili, kuchemsha chai na kusonga ugali, akaona hivyo vinatosha. Asubuhi chai na mkate. Mchana ugali kwa chai, ndiyo, unamega tonge unateremsha na chai, usicheke, wako wengi wanaokula hivyo na hawasemi. Jioni chai tena, na ugali uliolala. Mzee wa miaka sitini na nane anaweza kuishi namna hiyo miaka mingi, akilalamika magoti tu. Basi chakula hicho cha mtu aliyefiwa na mke ndicho alichogawana na mtoto mchanga, kwa moyo mweupe kabisa. Chai ya mtoto aliiongeza sukari. Alidhani anamdekeza.

Ng’ambo ya ua alikaa Njambi, mama wa makamo aliyetoka pande za Nyahururu miaka mingi iliyopita, mwenye duka la unga, sukari na mkaa. Njambi alikuwa na macho. Mwezi wa pili tu alipitisha bakuli juu ya ua, maharagwe yaliyopondwa na viazi na majani ya malenge, bado yanafuka moshi. “Mzee, ni ya mtoto.” Wepukhulu alilirudisha bakuli vile vile lilivyokuja, limefunikwa. “Asante, Mama. Sisi tumekula. Hatujafika pahali pa kulishwa na majirani.” Njambi alilipokea, na tangu siku hiyo hakupitisha kitu tena. Ungekuwa wewe ungepitisha?

Mtoto akaanza kuharisha mara kwa mara. Mzee alinunua dawa kwa kemisti, kuharisha kukakoma, kukarudi. Akakohoa, akapewa sharubati ya kikohozi. Akaanza kula udongo. Mzee akiwa ananoa, Nanyama alikaa chini kando yake akikwangua ukuta wa udongo wa jirani kwa kidole na kulamba, kutwa nzima, na mzee alimpiga kofi dogo la mkono na kuendelea na kazi. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu nyekundu. Mafundi waliokuja kuchukua misumeno walitania ati mzee ana mzungu nyumbani, naye akacheka kidogo. Mtoto hakukimbia tena. Alikaa alipowekwa. Hakulia, hakudai, hakuvunja kitu. “Nanyama ni mtulivu sana,” mzee alimwambia Sylvia kwa fahari. “Ni nyanya yake mtupu.”

Halafu yakaja mashavu. Yalijaa yakawa mviringo, na miguu nayo ikajaa, mpaka viatu vikakataa kuingia. Mzee alifurahi mno. Alishuka sokoni mjini akamnunulia viatu vikubwa zaidi, akarudi akivipigapiga pamoja njiani. Mtoto anakua. Nani alisema mwanamume hawezi?

Jumatano moja ya mwezi wa saba, kukiwa na ile baridi ya Eldoret inayoingia mpaka kwenye mifupa, mzee alimbeba mtoto akaenda dukani kununua majani ya chai. Nanyama alikuwa na joto tangu juzi yake, na alikuwa amekataa hata mkate. Njambi alitoka nyuma ya kaunta. Hakusalimia. Alimtazama mtoto usoni, akamvua kiatu kimoja, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale.

“Mzee,” Njambi alisema, “hii si mafuta. Hii ni maji.”

“Maji gani?”

“Mtoto amevimba. Huyu mtoto ni mgonjwa, na ni kitambo.”

Wepukhulu alitaka kukasirika. Hasira ilikuwa tayari kooni, kama kawaida yake. Lakini aliangalia lile shimo, na lilikuwa bado halijajaa. Njambi alifunga duka saa tatu asubuhi, siku ya kazi, akasimamisha boda boda, wakapanda watatu na mtoto katikati, wakaenda hospitali ya misheni kule Plateau. Njia nzima mzee alimshika Nanyama miguu, akaogopa kubonyeza.

Sista Jerop ndiye aliyewapokea. Alikuwa muuguzi mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimpima mtoto mkono kwa utepe, akamtoboa kidole, akasikiliza kifua, akaandika, akauliza anakula nini. Mzee akajibu yote bila kuficha. Chai. Mkate. Ugali. Kadiri alivyojibu ndivyo alivyoyasikia maneno yake mwenyewe, na orodha ilikuwa fupi mno. Njambi alikuwa ameangalia dirishani.

“Ananyonya?”

“Mama yake ako Saudia.”

“Mboga? Yai? Maharagwe?”

Mzee alikohoa. Lile bakuli lililorudi limefunikwa lilimjia mbele ya macho, na hakuthubutu kumtazama Njambi.

Sista alimweleza polepole. Mtoto ana utapiamlo mkali, na huko kuvimba ndiyo dalili yenyewe. Kifua kina maambukizi. Tumboni kuna minyoo. Damu iko sita, na ilifaa ipite kumi, kwa sababu mwili umekosa madini ya chuma, na ndiyo maana alikuwa anatafuta udongo. Na zile chai za kila saa, hata kile kidogo cha chuma kilichokuwa kwenye chakula zilikizuia kisiingie mwilini.

“Chuma?” Mzee alijitutumua, maana aibu ikizidi hutafuta mlango wa kutokea. “Sista, mimi nimenusa unga wa chuma miaka thelathini. Nyumba yangu yote ni chuma. Mjukuu wangu akose chuma?”

Sista Jerop hakucheka, wala hakumgombeza. “Mzee, anaweza kufa,” alisema. “Nataka ujue hivyo ndiyo tufanye kazi pamoja.”

Njambi alirudi dukani jioni hiyo. Kabla ya kuondoka aliuliza kama Sylvia amepigiwa. Mzee akasema atapiga, wacha kwanza mtoto apate nafuu. Njambi alifunga leso vizuri. “Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema, na si kwa ubaya. Akaenda. Wepukhulu akabaki peke yake, mwanamume mmoja katika wodi ya akina mama tisa.

Hapo ndipo pagumu palipoanza. Wale akina mama walikuwa na umri wa binti yake, wengine wadogo zaidi, na walikuwa wakinyonyesha kutwa. Mzee wa Kibukusu hawezi kukaa akitazama vifua vya watu walio kama binti zake. Hakuna aliyemfukuza, lakini kitanda cha kando alikuwa msichana anaitwa Angeline, mwenye mtoto wa miezi saba, na alipomwona mzee alijifunika leso mpaka kichwani, akanyonyesha humo ndani kama aliye kwenye hema. Mzee aliona. Bila kuambiwa na mtu aligeuza kiti chake, akaelekea ukutani. Akakaa hivyo. Siku kumi na tatu Mzee Wepukhulu alitazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani, mtoto mapajani, mgongo wake kwa watu wote. Usiku alilala kwenye benchi la nje ya mlango, na Sista wa zamu alimwita saa ya kulisha ikifika.

Kulisha ndiyo ilikuwa kazi. Maziwa maalum ya hospitali, kikombe na kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Siku za kwanza Nanyama alikaza meno. Maziwa yalimwagika kifuani, mzee akayafuta, akajaribu tena. Kijiko kimoja dakika tano. Hakujua nyimbo za watoto, basi alimhesabia meno ya msumeno, moja, mbili, tatu, kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini ili akina mama wasimsikie. Walimsikia. Walimwonea huruma lakini wangeanzia wapi kumwambia? Mtu aliyekupa mgongo huwezi kumpigia gumzo.

Saa ya wageni ndiyo iliyommaliza. Wodi ilijaa mashangazi, wakwe, majirani wa kanisa, chupa za uji, vicheko. Watu walikalia ukingo wa kitanda cha Nanyama wakidhani hakina mwenyewe. Mzee aliendelea kutazama ukuta. Alisikia mama mmoja akimuuliza Angeline, kwa sauti aliyoidhani ndogo, huyu mzee hana watu? Angeline akasema hajaona.

Siku ya tatu alifanya kosa. Aliambiwa mtoto hana damu, na akaona siku tatu zinapita bila mtoto kupewa dawa yoyote ya damu, ila maziwa na sindano za kifua. Alikasirika kimoyomoyo. Akatoka mpaka kwa kemisti wa pale senta, akanunua chupa ya dawa ya chuma, nyekundu nyeusi, iliyoandikwa kwamba ni ya watoto, akaificha kwenye koti. Aliporudi aliimimina kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa karibu na mdomo wa mtoto Sista Jerop aliposhika mkono wake kutoka nyuma.

“Bado, Mzee.”

“Si mlisema hana chuma?”

“Tulisema. Lakini kwanza tuue ugonjwa ulio ndani. Hao wadudu wa kifuani nao wanapenda chuma. Ukimpa sasa, unalisha wao kabla ya mtoto. Siku yake ikifika nitampa mimi mwenyewe, na utaona.”

Mzee alimkabidhi chupa. Alirudi kutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mke wake alilia, kimya, mabega hayatikisiki. Hata kupenda alikuwa hajui. Kila alichompa mtoto huyu kwa upendo kilikuwa kinamwua.

Jumapili ya kwanza saa nane simu ilitetemeka mfukoni. Aliizima. Baadaye alituma ujumbe kwamba mtandao ni mbaya, mtoto amelala, yuko sawa kabisa. Sylvia alijibu kwa moyo mwekundu na maneno, *Nibusie mashavu.*

Na mashavu yalianza kwenda. Kufikia siku ya tano uvimbe ulishuka miguuni, kisha mikononi, kisha usoni, na kilichobaki pale kitandani kilimtisha mzee kuliko ugonjwa wenyewe. Mbavu zilitoka. Shingo ikawa nyembamba, macho makubwa, ngozi ya makalio ikalegea na kukunjamana kama ya mzee mwenzake. Alimkimbilia Sista Jerop koridoni, hajali nani anasikia.

“Mnamkausha. Alikuja hapa amejaa.”

Sista aliweka chini sinia lake. Akamshika mzee kiwiko, akamrudisha mpaka kitandani, wakasimama wote wawili wakimtazama mtoto.

“Huyu ndiye Nanyama,” alisema. “Yule mwingine alikuwa maji. Huyu amekuwa humo ndani siku zote.”

Mzee aliushika mkono ule mwembamba. Kumbe miezi yote ile alikuwa na mtoto mwingine nyumbani, mtoto huyu wa mifupa, akimbeba, akimvalisha, akimwonyesha kwenye simu, na hakuwahi kumwona. Alijiuliza kwa nini. Jibu lilikuja bila kutafutwa, na lilikuwa chungu. Alitaka sana anone. Alitaka mtu aseme asante. Na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia, wewe mzee, fungua macho. Aliyekuwa naye alikuwa amemrudishia bakuli.

Siku ya tisa Nanyama alidai chakula. Mzee alikuwa amechelewesha kijiko, anafuta kikombe, mtoto akakishika kijiko mwenyewe na kukivuta, akalia kwa hasira, hasira kamili, mdomo wazi. Wodi nzima ikageuka. “Kuka,” mtoto alipiga kelele, yaani babu, “Kuka, lete.” Miezi mitatu hakuwa amemsikia akidai kitu. Angeline alicheka kwa sauti nyuma yake, akasema, “Mzee, ameamka huyo,” na mzee, kwa kujisahau, aligeuza kiti. Akaona akina mama wote wanamtazama na wanatabasamu. Akakigeuza tena ukutani haraka, masikio yakiwaka moto.

Siku ya kumi na mbili, Jumapili, Sista Jerop alikuja na chupa na kijiko. Kifua kilikuwa safi, joto limeisha, mtoto alikuwa anakula njugu zilizosagwa za paketi mpaka anapaka nywele. “Leo ni siku ya chuma,” alisema, akampa mzee kijiko mkononi. “Mpe wewe.” Nanyama alikunja uso, akameza. Mzee alijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani uzeeni. “Nimewaona wengi, Mzee,” Sista alisema, “na wewe unajua kulisha kuliko wengi. Ukifuata nilivyokuonyesha, mboga ya managu, maharagwe, dagaa wa omena, yai, na chai uiweke mbali na mtoto, huyu utamkuza.”

Ilikuwa saa saba na nusu. Saa nane simu ikatetemeka.

Angeweza kuizima. Hakuna aliyejua. Wiki nne, tano hivi, mashavu yangerudi, ya kweli safari hii, na Sylvia asingejua kamwe, na mtoto angebaki Pioneer mapajani pake. Alijua hesabu hiyo vizuri, alikuwa ameipiga siku kumi na mbili akitazama ukuta. Alijua pia kwamba akisema, Nanyama atakwenda. Mtoto huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye duniani. Simu ilitetemeka, ikatetemeka, ikakaribia kukata.

Akaipokea, akaielekeza kwa mtoto kabla ujasiri haujamwisha.

Uso wa Sylvia ulikaribia kioo. Halafu sauti ya Sylvia, ndogo sana. “Baba, huyo ni nani?”

“Ni Nanyama.”

“Baba, umemfanya nini mtoto wangu?”

Akamwambia. Yote, chai, udongo, viatu, bakuli la Njambi, Jumapili iliyopita ambayo mtandao haukuwa mbaya. Alisema kwa Kibukusu, taratibu, bila kujitetea. “Hapo sasa anapona. Huyu unayemwona ndiye anayepona. Yule uliyekuwa ukinishukuru kwa ajili yake ndiye alikuwa anakufa.”

Sylvia alilia. Alilia kwenye bafu la waajiri wake, mlango umefungwa, kwa sababu saa yake ya mapumziko ilikuwa robo saa tu. Mzee alimwacha alie, asingeweza kufanya lolote. Alipopata pumzi Sylvia aliuliza swali ambalo mzee hakulitarajia. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa rahisi.

“Baba, mimi siko hapo. Wewe ndiye uko hapo. Niambie ukweli. Nikimwacha na wewe, utaweza?”

Sista Jerop alikuwa ameshasema ataweza. Mikono yake yenyewe ilijua ataweza. Nanyama alikuwa amemshika kidole, anakitafuna kwa ufizi na meno yake machache, akitafuta njugu zilizobaki. Mzee hakukitoa kidole.

“Kulisha nitaweza,” alisema. “Kuona ndiyo sijui. Nilikuwa naye kila siku, na sikuona. Kwa nyumba yangu hakuna macho ya pili. Mpigie shemeji Brigid.”

Brigid alifika Jumanne, na kikapu cha mayai na gauni jipya la mtoto. Hakusema nilikwambia. Alimpa mzee mkono, akamwita shemeji, akavuta kiti, na Sista akamfundisha vipimo, paketi ngapi, dawa ya chuma lini, kliniki lini. Mzee aliongeza yale ambayo Sista hayajui. Anapenda kijiko kiguse mdomo wa chini kwanza. Akikohoa ngoja kidogo. Akigoma mhesabie. Brigid alisikiliza kila neno. Kisha akamkaribisha kwa heshima aje Chepsaita akae nao hata wiki mbili, lakini alikaribisha akijua jibu. Mzee wa Kibukusu hahamii kwa wakwe zake. Angekwenda kama mgeni, akalishwa kuku, akaombewa, akaondoka jioni.

Saa ya kulisha ikafika. Brigid alimpakata mtoto, akainua kijiko. Nanyama akafunga mdomo. Brigid akajaribu kumbembeleza, akaimba, akatabasamu. Mtoto aligeuza kichwa kumtafuta babu yake, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kulia. “Kuka. Kuka, lete.” Mzee aliinuka, akakaribia, mtoto akanyamaza papo hapo na kufungua mdomo, akimngojea yeye. Brigid alimtazama shemeji yake kwa uchungu. Akashusha kijiko.

Sista Jerop ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya chini. “Mzee, ukiwa hapa hatakubali kwake.”

Wepukhulu alichukua koti lake kitandani. Hakumgusa mtoto, maana angemgusa asingetoka. Alipita katikati ya vitanda uso mbele, kwa mara ya kwanza, na akina mama walimpisha, na Angeline akamwambia, “Safari njema, Baba.” Nyuma yake kilio kilipanda, kikamfuata mpaka nje ya mlango, kikiita jina lake.

Alisimama koridoni, mgongo ukutani. Alingoja. Nanyama alilia mpaka sauti ikakwaruza, akapumzika, akaanza tena, kwa nguvu alizokuwa amempa yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Halafu kilio kikapungua. Kikakatika katikati, kama kinavyokatika mdomo ukijaa. Mzee alisikiliza kidogo zaidi ili awe na hakika. Anakula, akasema peke yake, na akaanza kushuka ngazi.